Kujifunza karate ukubwani



Wapo watu wanaosema, "Samaki mkunje angali mbichi." Wanataka kusema kuwa mtu akishavuka utoto hafundishiki tena. Wengi wenu mliambiwa maneno hayo hayo mlipokwenda darasa la kisomo. Leo mnasoma gazeti. Basi mmekwisha wajibu.

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo wapo vijana wa miaka 20 hadi 30 na kitu wanaopenda kujifunza karate. Wameiona kwenye vibanda vya video. Lakini wanajiuliza: Je, umri haujapita? Nianzie wapi? Na je, huu si uhuni? Somo letu la leo ni juu ya maswali hayo.

KARATE ILITOKA WAPI?

Karate ni neno la Kijapani. Maana yake ni "mkono mtupu", yaani kujilinda bila silaha. Mchezo huu ulikulia katika kisiwa cha Okinawa. Mwaka 1922 mwalimu wa shule aitwaye Gichin Funakoshi aliupeleka Tokyo. Wakati huo alikuwa amepita miaka 50. Ndugu yake karate ni judo, mchezo wa kukamatana na kuangushana. Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, naye pia mwalimu.

Hapa Tanzania karate ilianza kufundishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Mwalimu alikuwa Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani. Wanafunzi wake wakawafundisha wengine. Mnaona basi, michezo hii ilienezwa na walimu. Si kazi ya wahuni.

USIDANGANYWE NA SINEMA

Katika sinema mtu mmoja anapiga watu kumi na shati lake halichafuki. Hayo yamepangwa. Kila mmoja anajua lini apige na lini aanguke. Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973 akiwa na miaka 32, alianza mazoezi Hong Kong angali kijana mdogo, akaendelea miaka mingi. Mtu aliyetazama video usiku mmoja hajajifunza kitu. Akienda kumrukia mwenzake asubuhi, atavunjika yeye.

UMRI SI KIKWAZO

Ni kweli, mwili wa mtu mzima ni mgumu kidogo kuliko wa mtoto, na akiteguka huchelewa kupona. Lakini mkulima ana mali yake tayari. Anayepanda milima ya Heru na mzigo kichwani ana miguu yenye nguvu. Anayelima ana mikono na pumzi. Kinachompungukia ni wepesi wa viungo, kwa sababu jembe humkunja mgongo upande mmoja tu. Kwa hiyo kabla ya mazoezi anyooshe viungo taratibu kwa dakika 10: shingo, mabega, kiuno, magoti na vifundo vya miguu.

Tena mtu mzima ana subira. Akielezwa sababu, anaelewa.

MASOMO YA MWANZO

Katika kisomo hukuanza na gazeti. Ulianza na a, e, i, o, u. Karate nayo ina herufi zake.

1. Kusimama. Tanua miguu sawa na upana wa mabega. Kunja magoti kidogo. Mwenzako akikusukuma polepole, usiyumbe.

2. Kukunja ngumi. Kunja vidole vinne vikaze. Kidole gumba kikae nje, juu ya vidole viwili vya kwanza. Kamwe usikifungie ndani, kitavunjika. Kiwiko cha mkono kikiwa kinanyooka, kifundo cha mkono kisipinde.

3. Kuanguka. Somo hili hutiliwa mkazo sana katika judo, na kwa mtu mzima ndilo lenye faida kubwa. Ukianguka chali, ingiza kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Piga ardhi kwa viganja na mikono yote miwili. Usijizuie kwa mkono mmoja ulionyooka; ndipo watu huvunjika. Jifunze kwenye majani makavu au mchanga, ukianza kwa kuchuchumaa. Siku utakapoteleza na mzigo njia ya mteremko wakati wa mvua, utalikumbuka somo hili.

4. Kupumua. Usibane pumzi. Toa pumzi unapopiga.

5. Kukwepa. Kusogea pembeni hatua moja ni bora kuliko kupokea ngumi.

Usiwe na haraka ya kupiga mateke ya juu. Hayo yatakuja.

TUPIGE HESABU

Ukifanya mazoezi mara 2 kwa wiki, saa 1 kila mara, kwa wiki 50, utapata saa 100 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni saa 300. Anayeanza hufunga mkanda mweupe. Anayefikia mkanda mweusi huwa amefanya mazoezi miaka mingi bila kukatiza, na walimu wenyewe husema hapo ndipo masomo yanapoanza. Wakati wa kupanda na kupalilia unaweza kupunguza, lakini usiache kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

MWALIMU NA MAHALI

Tafuta mwalimu aliyefundishwa. Mwalimu mzuri huanza na viungo, huwazuia wanafunzi wasiumizane, na hasifu ugomvi. Mtu akikwambia atakuchanja chale au kukupa hirizi ili mwili usipigike, mwache. Huyo anataka fedha yako. Kama mwalimu hayupo karibu, anzeni na kunyoosha viungo, kusimama na kupumua. Vijana waliopita JKT, kama kambi ya Mtabila wilayani Kasulu, wanajua mazoezi ya ukakamavu na wanaweza kuwasaidia.

Jambo moja ni la lazima. Wilaya zetu zinapakana na Burundi. Kundi la vijana wanaojifunza kupigana usiku porini litatiliwa shaka, na haki ni ya wanaolishuku. Basi mwambieni mwenyekiti wa kijiji na afisa mtendaji. Fanyeni mazoezi mchana, mahali pa wazi, kama uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Andikeni majina yenu kwenye daftari. Hii ndiyo kazi ya kujua kusoma na kuandika!

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Kanuni ya Adhabu inampa kila mtu haki ya kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali. Lakini nguvu anayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika tu. Akizidisha na mtu akafa, ana kosa la kuua bila kukusudia.

Tuchukue mfano. Mtu anakushika koo njiani. Unajitoa na kumsukuma. Umejilinda. Mtu huyo anakimbia, nawe unamfuata na kumpiga mateke akiwa chini. Hapo hujilindi tena, unashambulia. Mahakamani mkanda wako hautakutetea.

Na nyumbani je? Mume anayejifunza karate halafu akampiga mkewe hakujifunza karate. Mwenye nguvu ndiye anayetakiwa kujizuia. Akina mama nao wanafaa kujifunza. Wao ndio wanaokwenda kuni na maji mbali, mara nyingi peke yao.

TUNZA MWILI WAKO

Usifanye mazoezi ukiwa na homa. Mwenye shinikizo la damu, ngiri au mimba aulize kwanza zahanati. Kunywa maji safi. Ukiteguka, weka kitambaa cha maji baridi na upumzike. Usikandwe kwa nguvu siku hiyo. Kama huwezi kukanyaga au mfupa umepinda, nenda zahanati.

Ndugu msomaji, utafiti wa kwanza ni wewe mwenyewe: unataka karate ya nini? Kama ni kwa afya, nidhamu na kujilinda, anza hata ukiwa na miaka 30. Kama ni kwa kulipiza kisasi kwa jirani, mpelekeeni shauri hilo baraza la usuluhishi la kata, mazoezi yasubiri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini somo la kuanguka linamfaa hata mtu asiyepigana?
2. Ukifanya mazoezi mara 3 kwa wiki, saa 1 kila mara, kwa wiki 40, utapata saa ngapi?
3. Taja tofauti ya kujilinda na kushambulia.
4. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panafaa kwa mazoezi, na mtamwomba nani ruhusa?

MANENO

Chali – kulala mgongo chini, uso juu.
Kisogo – sehemu ya nyuma ya kichwa.
Kukwepa – kusogea ili usipigwe.
Kuteguka – kiungo kutoka au kuvutika mahali pake.