Bonasi ya Kuhama Benki: Somo la Vitenzi Vinne

Wiki ya usajili ikifika, mahema ya mabenki yanaota chuoni kama uyoga. Fungua akaunti leo, hamishia boom lako kwetu, upate zawadi. Wanachuo wengi tukifika pale tunauliza swali moja tu: "Ni shilingi ngapi?" Swali hilo lina haki yake, ila linatakiwa liwe la mwisho. La kwanza ni hili: natakiwa nifanye nini, kwa muda gani, na nikiteleza nini kinatokea?

Tuanze na nchi ambako mchezo huu umekomaa. Uingereza ilianzisha mfumo wa pamoja wa kuhamisha akaunti mwezi Septemba 2013. Mteja akiomba kuhama, benki mpya inamaliza kazi yote ndani ya siku 7 za kazi: salio linahama, malipo ya kila mwezi yanahama, akaunti ya zamani inafungwa. Kwa kuwa kuhama kumekuwa rahisi, benki zinawania wateja kwa fedha taslimu. Hapa Tanzania hatuna mfumo wa namna hiyo. Ukihama, unahama mwenyewe: unakwenda na namba ya NIDA kufungua akaunti mpya, kisha unaiacha au unaifunga ya zamani. Lakini masharti ya zawadi yanafanana kote, na ukiyasoma vizuri utaona yamebebwa na vitenzi vinne.

Kitenzi cha kwanza ni KUINGIZA. "Ingiza shilingi 300,000 ndani ya siku 30." Hapa fedha zinatakiwa zipite tu, hazijaambiwa zikae. Lakini angalia siku 30 zinaanza kuhesabiwa lini: siku uliyofungua akaunti, au siku uliyojiandikisha kwenye ofa? Angalia pia kama fedha ulizoweka kwa wakala zinahesabiwa, au ni lazima zitoke kwa mwajiri au Bodi ya Mikopo.

Cha pili ni KUBAKIZA. "Salio lisishuke chini ya 200,000 kwa siku 90." Hiki ndicho kinachowaangusha wengi. Kuna tofauti kubwa kati ya "salio lisishuke" na "wastani wa salio". Kwenye wastani, ukishuka leo unaweza kufidia kesho. Kwenye "lisishuke", ukitoa hela ya chipsi usiku mmoja, kwaheri zawadi. Na makato ya benki yenyewe yanaweza kukushusha ukiwa umelala. Kwa hiyo ukiambiwa 200,000, acha zaidi ya hapo.

Cha tatu ni KUTUMIA. "Lipa kwa kadi mara 5." Jiulize utalipia wapi. Mama ntilie wa nyuma ya hosteli hana mashine ya kadi. Kutoa hela ATM mara nyingi hakuhesabiwi kuwa ni malipo, na kuna makato.

Cha nne ni KUFUNGA, yaani kufunga akaunti ya zamani, au kutofunga mpya kabla ya muda fulani. Kwa mnufaika wa mkopo hapa pana hatari. Ukifunga akaunti ya zamani kabla afisa mikopo wa chuo hajapata namba mpya, boom litatumwa kule kule ulikotoka, nawe utazunguka ofisi hadi viatu viishe soli.

Sasa tupige hesabu. Chukulia benki ya mfano inatoa zawadi ya 20,000 kwa masharti hayo matatu ya mwanzo. Kadi ni 10,000, na makato ya mwezi ni 1,500, kwa miezi 3 ni 4,500. Jumla umetoa 14,500. Zawadi halisi imebaki 5,500.

Hatujamaliza. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, posho ya chakula na malazi kwa mnufaika wa mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Ile 200,000 uliyoifungia ni siku 20 za kula na kulala. Siku ya 70 ukikauka, ukakopa 50,000 kwa mtu ukarudisha 60,000, umepoteza 10,000. Toa kwenye 5,500 yako: umeingia hasara ya 4,500, na bango la zawadi bado linakuchekea. Ofa hiyohiyo kwa mwenzako ambaye ana akiba asiyoigusa ni faida safi.

Kuna sharti la tano ambalo haliandikwi kwenye kipeperushi, na watu wa Mbinga wanalijua vizuri: benki yenyewe iendelee kuwepo. Tarehe 12 Mei 2017, Benki Kuu iliifutia leseni Mbinga Community Bank kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wakati huo kiwango cha juu cha fidia kwa mwenye amana kilikuwa shilingi 1,500,000. Maana yake, mkulima wa kahawa aliyekuwa na 4,000,000 alikuwa na uhakika wa 1,500,000. Zile 2,500,000 zilitegemea mfilisi akusanye madeni na kuuza mali za benki. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi 7,500,000. Kinahesabiwa kwa kila mteja katika kila benki, kwa hiyo akaunti zako mbili za benki moja zinajumlishwa. Boom lako liko salama ndani ya kiwango hicho. Fedha za kahawa za familia nzima huenda zikakizidi.

Nalisema hili kwa sababu sisi ndio washauri wa nyumbani. Mama yuko Ukata, malipo ya kahawa yanaingia benki kupitia AMCOS, anakupigia: "Mwanangu, kuna benki inatoa zawadi, nihamie?" Usimjibu kwa kuangalia zawadi. Muulize: wakala wa benki hiyo yupo kijijini, au kila akitaka hela apande gari hadi Mbinga mjini? Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili inaweza kuimeza zawadi yote. Je, AMCOS imeshapewa namba mpya kabla ya malipo ya msimu? Na kama fedha zinazidi 7,500,000, kwa nini zikae benki moja?

Kwa hiyo ukisimama mbele ya hema, omba masharti kwa maandishi, piga mstari chini ya kila kitenzi, na pembeni andika tarehe ya mwisho na gharama yake. Kisha toa gharama zote kwenye zawadi. Jibu likiwa kubwa kuliko sifuri, na hutalazimika kulala njaa ili ulipate, saini. Afisa wa hemani akisema masharti yatakuja baadaye, na saini yako mwambie itakuja baadaye.