Kuchemsha Hakuondoi Risasi: Somo la Kusoma Kipimo cha Maji ya Nyumbani



Wengi wetu tulilelewa na sufuria ya maji juu ya jiko. Iwe Kigoma, Bukavu, Mombasa au Unguja, mama alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa safi, ndipo watoto wakaruhusiwa kunywa. Desturi hiyo ni njema, na imewaokoa wengi na kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini hapa Marekani iko hatari nyingine ndani ya maji ambayo moto hauiwezi, nayo ni madini ya risasi. Kipeperushi hiki kinaeleza jinsi maji ya mji yanavyopimwa kikemia, jinsi matokeo yanavyosomwa, na kwa nini namba ya mji mzima haitoshi kukuhakikishia usalama wa mfereji, yaani koki, wa jikoni kwako.

Vijidudu na madini

Vijidudu vina uhai, na moto huviua. Ndiyo maana inapotolewa amri ya kuchemsha maji, sharti yatokote kwa dakika 1 kamili, au dakika 3 katika miji iliyo zaidi ya mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Amri hiyo itiiwe bila kuchelewa.

Risasi, naitreti na aseniki hazina uhai wa kuuawa. Maji yakichemka, sehemu yake hupanda na mvuke, na madini hubaki sufuriani. Lita 2 zikitokota hadi ikabaki lita 1, risasi iliyokuwamo haikupungua hata chembe, ila sasa imo ndani ya nusu ya maji ya awali. Kila kikombe kimebeba risasi maradufu.

Waliotoka pande za Arusha na Meru hawatashangaa. Maji ya baadhi ya chemchemi na visima vya huko yana floridi nyingi itokayo katika miamba ya volkano. Ni maangavu na hayana harufu, lakini meno ya watoto hugeuka kahawia, na kuyachemsha hakusaidii. Risasi nayo haina rangi, harufu wala ladha, na madhara yake hayaonekani hata menoni. Hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, ikampunguzia uwezo wa kujifunza na kutulia. Kwa mama mjamzito, hupita kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Wataalamu hawajapata kiasi chochote cha risasi katika damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama.

Risasi huingilia wapi?

Mara nyingi maji huondoka katika mtambo wa kusafishia yakiwa hayana risasi. Huipata njiani, hasa katika hatua za mwisho: katika bomba linalotoka barabarani kuingia nyumbani, katika lehemu iliyounganisha mabomba ya shaba, na katika mifereji ya zamani. Sheria ya 1986 ilipiga marufuku mabomba na lehemu za risasi katika kazi mpya za maji ya kunywa. Kwa hiyo mwenye nyumba ya kale, au mpangaji wa nyumba ya kale, ana sababu zaidi ya kuuliza.

Kipimo hufanywaje?

Maji huachwa ndani ya mabomba kwa muda usiopungua saa 6 bila mtu kufungua mfereji wala kuvuta maji ya choo. Kwa kawaida ni usiku kucha. Asubuhi, kabla ya matumizi yoyote, chupa ya lita 1 hujazwa maji baridi ya mfereji wa jikoni. Maji ya kwanza hayamwagwi, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyolala ndani ya bomba na ndiyo yanayotafutwa. Katika maabara hutiwa asidi ya naitriki kidogo ili risasi isigande kwenye kuta za chupa. Kisha sampuli huingizwa katika mashine inayoipasha joto kali mno na kuhesabu chembe za kila madini kwa uzito wake.

Matokeo huandikwa kwa maikrogramu katika lita 1. Maikrogramu 1 ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Katika ripoti za Kiingereza kipimo hicho huandikwa kwa herufi ppb, na risasi huandikwa “Lead” au Pb.

Kuisoma ripoti ya mwaka

Kila mwaka, kabla ya 1 Julai, kampuni ya maji hutakiwa kuwapelekea wateja wake ripoti ya ubora wa maji. Mpangaji asiyelipia maji mwenyewe anaweza kuiomba kwa mwenye nyumba, au kwa kampuni yenyewe. Tazama mistari hii:

• Risasi: kiwango cha kuchukua hatua kilichowekwa na kanuni ya 1991 ni 15 ppb. Lengo la kiafya ni sifuri.
• Shaba: kiwango cha kuchukua hatua ni miligramu 1.3 katika lita.
• Naitreti: isizidi miligramu 10 katika lita, ikihesabiwa kama naitrojeni. Ikizidi, ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, kwani huizuia damu yake kubeba hewa.
• Aseniki: isizidi 10 ppb.
• Klorini: isizidi miligramu 4 katika lita. Hii ni dawa ya kuua vijidudu, na harufu yake hafifu haimaanishi kwamba maji yameharibika.

Namba ya mji si namba ya nyumba yako

Hapa ndipo wengi hukosea. Namba ya risasi katika ripoti si wastani wa nyumba zote, wala si kipimo cha nyumba yako. Tuchukue mfano wa mji mdogo uliopima nyumba 10 na kuyapanga matokeo kuanzia dogo hadi kubwa: 0, 0, 1, 1, 2, 2, 3, 4, 9, 40. Kanuni huangalia matokeo ya nyumba ya tisa kati ya kumi. Ripoti itaandika 9 ppb, na mji utakuwa umefaulu, kwa sababu 9 ni ndogo kuliko 15. Lakini ile familia ya kumi inakunywa 40. Ripoti haikusema uongo. Imejibu swali la mji, haikujibu swali la mama anayekorogea mtoto maziwa ya unga katika nyumba ya kumi.

Fundisho la Flint

Mnamo Aprili 2014, mji wa Flint, jimboni Michigan, uliacha kutumia maji ya Detroit ukaanza kutumia ya Mto Flint. Maji hayo yalikuwa makali zaidi kwa mabomba, na dawa ya fosfeti inayojenga utando wa kinga ndani ya bomba haikutiwa. Utando wa zamani ukaliwa, na risasi ikaingia majini. Wakazi walilalamikia rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama. Mwaka 2015 wakazi walijaza chupa za sampuli katika nyumba zao, zikapimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech. Dkt. Mona Hanna-Attisha, daktari wa watoto mjini humo, naye akaonyesha kwamba idadi ya watoto wenye risasi nyingi katika damu ilikuwa imeongezeka. Oktoba mwaka huo mji ulirejea kwenye maji ya Detroit. Ukweli ulidhihirika pale maji yalipopimwa kwenye mifereji ya nyumba zenyewe.

Hatua za kuchukua

1. Uliza bomba lako ni la nini. Kampuni za maji zilitakiwa kuwa na orodha ya mabomba ya kuingizia maji kufikia 16 Oktoba 2024. Unaweza pia kulikwaruza kwa sarafu pale linapoingia nyumbani. Risasi ni laini, hung'aa kijivu ikikwaruzwa, na sumaku haiishiki. Shaba huwa na rangi ya sarafu ya senti moja. Chuma cha pua na mabati hayaelekei kukwaruzika kirahisi.
2. Omba maji ya nyumba yako yapimwe. Uliza kampuni ya maji au idara ya afya kama kipimo ni bure na ni maabara ipi iliyoidhinishwa.
3. Kwa kunywa, kupika na maziwa ya mtoto, tumia maji baridi tu. Maji ya moto ya mfereji huyeyusha risasi zaidi. Ukihitaji ya moto, kinga ya baridi kisha uyapashe jikoni.
4. Maji yakilala ndani ya bomba, yaache yatiririke dakika kadhaa kabla ya kuyanywa.
5. Ukinunua chujio, hakikisha lina alama ya NSF/ANSI 53 na limeandikwa kwamba linapunguza risasi. Badilisha kichujio cha ndani kwa wakati wake.
6. Kuoga, kufua na kutawadha hakuna hofu, kwa kuwa risasi iliyomo majini haipenyi ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Maji ya kusukutua yatemwe, na watoto wafundishwe hivyo.
7. Mwenye kisima chake mwenyewe hapati ripoti ya mwaka. Apime vijidudu na naitreti kila mwaka, na aulize idara ni madini gani mengine hupatikana katika ardhi ya eneo lake.
8. Mwombe daktari ampime mtoto risasi katika damu. Maji si mlango pekee: rangi ya kuta za nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 na baadhi ya wanja wa macho pia huwa na risasi.

Jipime

Je, maji maangavu yaliyochemshwa yanaweza kuwa na risasi? Ndiyo. Je, mji ukifaulu, nyumba yangu imefaulu? Si lazima. Nifanyeje nijue? Pima mfereji wako.

Unapopiga simu idara ya afya, una haki ya kupewa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Taja lugha yako kwanza, usubiri, wala usimtwike mtoto wako kazi ya kutafsiri mambo ya afya yake mwenyewe.