Je, Mtoto Wako Anakataa Chakula Kipya?

Mara nyingi tukitembelea familia tunamsikia mama akisema, "Huyu mboga hapendi, tumeshamzoea." Tukimwuliza amempa mara ngapi, anajibu: mara moja, labda mbili. Mtoto alitema, basi shauri likaisha. Mwezi huu tunaomba tulizungumze jambo hili, kwa sababu linagusa macho na uhai wa watoto wetu.

Tuanze na sisi wazazi. Wengi wetu tuliokulia Bariadi, Maswa na Meatu tunaamini ugali halisi ni ule mweupe wa mahindi. Lakini babu zetu walikuzwa kwa ugali wa mtama na uwele, na wapo wazee ambao hadi leo wanasema ugali wa mahindi haukai tumboni. Mahindi, viazi vitamu, mihogo na karanga, vyote asili yake ni bara la Amerika. Hata sangara alikuwa mgeni. Aliingizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na alipoongezeka sana miaka ya 1980 watu wengi walimkataa wakisema ana mafuta mno. Leo nani anamkataa?

Wenye umri wetu hawajasahau yanga, yale mahindi ya njano yaliyoletwa wakati wa njaa ya mwaka 1974 na 1975. Tuliyala kwa kununa. Rangi ya njano ikabaki vichwani mwetu kama rangi ya njaa na ya chakula cha msaada. Kumbe njano ile ilikuwa na kitu ambacho mahindi yetu meupe karibu hayana kabisa, yaani kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A.

Mtoto aliyepungukiwa vitamini A huanza kwa kutoona vizuri jioni. Giza likiingia anajikwaa, anapapasa kuta. Akiachwa, macho hukauka na anaweza kupofuka. Tena mwili wake hauna nguvu ya kupigana na surua na kuharisha, na hapo ndipo watoto hupotea.

Ndiyo maana tunavisemea viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo wengi wanaviita viazi lishe. Sisi Wasukuma hatuhitaji kufundishwa kulima viazi. Lakini viazi tulivyovizoea ni vyeupe, vikavu, vya ungaunga, na vyeupe hivyo vina vitamini A kidogo sana. Hivi vya rangi ya chungwa mara nyingi ni laini na vina maji zaidi, kwa hiyo baba akionja anasema, "Hiki ni chakula cha watoto." Basi wapewe watoto! Kiazi kimoja kidogo cha kuchemsha, kama gramu 125, chaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima. Kiliwe pamoja na kitu chenye mafuta, kama karanga zilizotwangwa au mboga iliyoungwa kwa mafuta ya pamba, maana bila mafuta vitamini hiyo haifyonzwi vizuri.

Sasa, mtoto akitema? Mtoto huzaliwa anapenda utamu na kuogopa uchungu. Ni ulinzi wake, kwani mimea mingi yenye sumu ni michungu. Kati ya miaka miwili na sita hukiogopa zaidi chakula asichokijua. Si utundu. Imeonekana kwamba watoto wengi hukikubali chakula baada ya kuonjeshwa mara nane, kumi, hata kumi na tano, siku mbalimbali. Kwa hiyo mpe kijiko kimoja tu, pamoja na chakula anachokipenda, kisha mwache. Usimzibe pua, usimchape, usimwahidi soda. Mtoto anayelishwa kwa fimbo atakichukia chakula kile hata akiwa mtu mzima. Kinachomvuta zaidi ni kumwona mama, na hasa baba, anakila. Baba anayekunja uso mezani ameshafunga mlango kwa watoto wote.

Somo hili huanza hata kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2001 watafiti wa Philadelphia, Marekani, walieleza kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliipokea ladha ya karoti vizuri zaidi walipoanza kula. Mama mjamzito anayekula vyakula vya aina nyingi tayari anamwonjesha mwanawe. Lakini mtoto mwenyewe asipewe chakula chochote kabla ya miezi sita. Maziwa ya mama yanatosha. Na matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki tusiyaache kwa kuwa tumepanda viazi.

Mtoto aliyekuwa anakula vizuri kisha ghafla anakataa kila kitu huenda ni mgonjwa. Mpeleke zahanati.

Wengi wanatuuliza kama viazi hivi vinafaa kwa michembe na matobolwa. Vinafaa, ila jua kali huharibu vitamini. Kata vipande vyembamba, anika kivulini penye upepo, na usivitunze muda mrefu. Baada ya miezi minne ghalani sehemu kubwa ya vitamini huwa imepotea. Kula hivyo kwanza, michembe myeupe ibaki kwa ajili ya njaa ya baadaye.

Tatizo kubwa Simiyu ni marando, kwa kuwa kiangazi chetu ni kirefu na ng'ombe wakipita hawabakizi kitu. Panda tuta moja dogo karibu na mahali pa kuogea au kuoshea vyombo, lizungushie miiba, na mvua zikianza utakuwa na mbegu yako mwenyewe na ya jirani.