Fremu Mbili, Vyumba Vinne: Unaandika Nini Kwenye Ramani?

Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida pale Tandale. Ilijengwa na vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi katikati, uani jiko na choo cha wote. Vyumba viwili vya mbele vimetobolewa milango ya barabarani vikawa fremu: moja duka, nyingine saluni. Vinne vilivyobaki vina wapangaji. Sasa wewe mwanachuo umesimama nje na simu mkononi, umefungua OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaruhusiwa kuihariri. Unaandika nini?

Mimi siku yangu ya kwanza niliandika building=commercial, nikaenda zangu nyumba ya pili. Si niliona duka! Mjumbe aliyekuwa akitutembeza akachungulia simu, akauliza, "Sasa mwanangu, hawa wanaolala humu umewaweka wapi?"

Swali lile ndilo somo lenyewe. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwaingiza mitaani wanachuo wa Ardhi na UDSM wachore kata zinazokumbwa na mafuriko. Maji ya Msimbazi yakija usiku, anayepanga uokoaji akikuta "biashara" atadhani jengo ni tupu. Picha ya satelaiti haimsaidii, maana inaonyesha bati tu.

Kanuni ni hii: neno building linaeleza jengo ni la aina gani kwa ujenzi wake. Kinachofanyika ndani kinaandikwa kando. Ghala lililogeuzwa kanisa linabaki building=warehouse, halafu unaongeza amenity=place_of_worship. Wengi tunachanganya hapa, na kusema kweli hata wazoefu hubishana.

Turudi Tandale. Mchoro wa nyumba nzima unapata building=house. Kisha ndani ya mchoro, upande wa barabara, unaweka nukta mbili: shop=convenience kwa duka, shop=hairdresser kwa saluni. Usiibandike saluni kwenye nyumba nzima, kwa sababu fremu hazikai na mtu mmoja. Leo saluni, mwezi ujao wakala wa fedha za simu. Mpangaji akihama unabadilisha nukta yake tu, nyumba haiguswi. Ongeza na check_date, ili anayekuja baada yako ajue taarifa ni ya lini.

Kama hujaingia wala kuuliza, acha building=yes. Ni jibu halali kabisa, tena bora kuliko kubuni.

Kuuliza nako kuna adabu zake. Mzee mmoja alipotuona na simu zetu alisimama mlangoni: "Mmekuja kupiga X?" Mji huu umeona nyumba zikiwekwa X nyekundu kisha zikabomolewa, kwa hiyo msimcheke. Tulimwamkia, tukakaa barazani, tukamwonyesha kioo cha simu: hakuna jina lake, hakuna kodi, hakuna idadi ya watu chumba kwa chumba. Hivyo haviandikwi kabisa, hata ukiambiwa kwa hiari, kwani ramani hii inasomwa na dunia nzima.

Akaangalia kidogo, akasema saluni ilishafungwa wiki iliyopita, bado kibao tu. Nukta moja ikafutwa palepale.