Krismasi ya Njiwa Wawili

Somo: Luka 2:21-24, Walawi 12:6-8

Kila Desemba tunafika horini, tunawaona wachungaji wa kondoo, halafu tunafunga Biblia. Leo twende mistari michache mbele, hadi siku ya 40.

Torati ilimtaka mama aliyezaa mtoto wa kiume angoje siku 7, kisha siku 33, ndipo apeleke sadaka: mwanakondoo wa mwaka mmoja, pamoja na kinda la njiwa au hua. Lakini Walawi 12:8 inafungua mlango mwingine. Kama mali yake haifikii mwanakondoo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Sasa rudi Luka 2:24 uone ni sadaka gani inayotajwa pale. Ni ndege. Mwanakondoo hayumo.

Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo macho yangu hukimbilia palipo na hesabu, na mstari huu kwangu ni kama risiti. Unatuonyesha mfuko wa Yusufu baada ya safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Nazareti, na mtoto mchanga mkononi. (Dhahabu ya mamajusi nadhani ilikuwa bado haijafika. Ingekuwepo, si wangenunua mwanakondoo?) Mungu angeweza kuificha risiti hii. Ameiacha iandikwe. Paulo naye anasema katika 2 Wakorintho 8:9 kwamba Bwana alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu. Huo umaskini haukuwa wa mfano tu. Ulionekana hekaluni, mbele za watu.

Nasema haya kwa sababu ya jambo ninalolisikia kila mwaka hapa Kesses. Mahindi yamevunwa, wanafunzi wameondoka, nauli imepanda. Na kuna kijana anayebaki kwa chumba chake cha kupanga tarehe 25, simu imezimwa, kwa sababu hana pesa ya sukari na mafuta ya kupikia ya kumpelekea mama. Afadhali waseme ana kazi nyingi kuliko waone hana kitu. Kuna pia baba anayeuza gunia lililokuwa la karo ya Januari ili jirani asimcheke. Sipingi chapati wala mbuzi, mimi mwenyewe nakula! Lakini yule kijana na yule baba wanaogopa kitu kimoja: kuonekana na njiwa wakati wengine wana kondoo.

Wazazi, hapa niwaambie wazi. Mtoto akipiga simu, tunamuuliza anakuja lini, au anakuja na nini? Wengine wetu ndio tumewafungia watoto wetu njia ya nyumbani kwa mzaha wa "usije mikono mitupu."

Ukiendelea kusoma Luka 2, utaona Yusufu na Mariamu hawakungoja mpaka wapate kondoo ndipo waende. Walienda na walichokuwa nacho. Na humo humo hekaluni mzee Simeoni akampokea mtoto mikononi mwake akamsifu Mungu. Luka haandiki kwamba aliuliza habari ya sadaka.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: ni nani wa nyumba yenu hajasema kama atakuja? Mpigieni kabla ya tarehe 25, na nauli ikiwa ndiyo shida, changeni. Jumapili tutaendelea na Simeoni na Ana, mstari wa 25 hadi 38.