Mimba Isiyokuwa na Mtoto

Mama, kama mimba yako ni ya miezi mitatu lakini tumbo limekuwa kubwa kama la miezi mitano, damu inatoka kidogo kidogo, na unatapika kupita wamama wengine, usikae nyumbani kungojea. Pengine ndani hamna mtoto.

Ugonjwa huu hauonekani kila siku. Mbegu ya baba na yai la mama vinaungana vibaya, basi mtoto hatengenezwi. Kondo peke yake inakua, inajaa malengelenge ya maji kama mayai ya samaki. Waganga wanaiita moli. Si uchawi, wala si kosa la mama. Mashemeji wakisema vile, waje kliniki, tutaongea nao.

Mganga anasafisha kizazi kwa kuvuta vile vitu vyote. Wamama wengi wanaponea hapo. Lakini hatari iko kisha pale: damu imekoma, mama anajisikia mzima, anarudi kijijini na hatumwoni tena. Kumbe kwa moli kamili, karibu wamama 15 ao 20 kwa 100 mabaki yanaanza kukua tena. Pengine yanageuka kansere, jina lake koriokarsinoma. Inapita katika damu mpaka mapafu, hata bongo. Mama anakohoa damu, watu wanasema ni kifua kikuu. Mara chache sana inakuja hata kisha mimba kutoka, ao kisha kuzaa mtoto mzima.

Tunaijua namna gani? Kwa kipimo cha mimba! Kondo inatoa kitu fulani katika damu na mkojo. Kama majuma yanapita na kipimo kingali kinasema «ndiyo», ao damu inaonyesha kile kitu kinapanda, kuna kitu kimebaki. Kwa hiyo usishike mimba nyingine mpaka mganga akuruhusu, maana kipimo kitatudanganya. Omba dawa ya kuzuia mimba, na baba asikie maneno haya pia.

Zamani kansere hii ikiisha kuenea, wengi walikufa. Mwaka 1956, kule Bethesda, Marekani, waganga Min Chiu Li na Roy Hertz waliponyesha mama mmoja kwa dawa ya methotrexate. Leo, wakianza mapema, karibu wote wanapona, na wengi wanazaa tena.

Safari ya Kolwezi ao Lubumbashi ni ndefu, tunajua, na feza ni shida. Lakini ukitumwa kule, uende. Na ukisafishwa moli, rudi kila tarehe iliyoandikwa katika kartasi yako, hata kama hausikii maumivu.