SOMO LA AFYA: Bei ya Upasuaji Nchini India Si Gharama Yote ya Matibabu

Kila mwaka wagonjwa kutoka Kenya husafiri hadi India kutibiwa katika hospitali za kibinafsi, hasa kwa magonjwa ya figo, saratani na moyo. Pesa za safari hiyo hutoka kwa mauzo ya shamba au mifugo, mikopo ya chama na harambee. Mara nyingi kiasi kinachotafutwa ni kile kilichoandikwa katika barua ya makadirio kutoka hospitalini. Hapo ndipo taabu huanzia. Barua hiyo hutaja bei ya upasuaji na siku chache za kulazwa. Haihesabu safari, malazi, wala dawa ambazo mgonjwa ataendelea kumeza akirudi nyumbani.

Somo hili linatumia mfano wa upandikizaji wa figo, kwa sababu ni matibabu yanayohusisha watu wawili, mgonjwa na anayetoa figo, na gharama zake haziishi siku ya upasuaji.

Kwa nini bei ya India huwa nafuu

Hospitali za kibinafsi za Chennai, New Delhi, Mumbai na miji mingine hupokea wagonjwa wengi sana, hivyo madaktari na mashine havikai bure. Mishahara ni ya chini kuliko Ulaya na Marekani, na India hutengeneza dawa nyingi ndani ya nchi. Kwa hiyo unafuu wa bei peke yake si ishara ya huduma duni. Hata hivyo, hospitali nyingi zina kitengo cha wagonjwa wa kimataifa, na bei anayopewa mgeni aghalabu huwa juu ya ile ya mwenyeji.

Hesabu kamili

Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu, si bei ya hospitali yoyote. Tuseme barua ya makadirio inataja dola 13,000. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni Sh1,690,000. Wanaosafiri ni watatu: mgonjwa, ndugu anayetoa figo na mtu wa kuwahudumia. Watakaa wiki sita.

- Nauli ya ndege kwa watu watatu: Sh240,000
- Nyumba ya kupanga kwa siku 42: Sh126,000
- Chakula na usafiri wa mjini: Sh105,000
- Pasipoti, viza na chanjo: Sh45,000
- Vipimo visivyo ndani ya makadirio: Sh150,000
- Akiba ya dharura, asilimia 20 ya makadirio: Sh338,000

Jumla inafika Sh2,694,000. Familia iliyochanga kulingana na barua pekee itapungukiwa na takriban shilingi milioni moja, tena ikiwa ugenini, mgonjwa akiwa kitandani.

Akiba ya dharura si anasa. Makadirio huhesabu mgonjwa anayepona bila tatizo. Akiongezwa siku katika chumba cha wagonjwa mahututi, akihitaji damu, au akisafishwa damu kwa muda zaidi, kila kimoja hutozwa kando. Ndiyo maana familia inafaa kudai makadirio ya maandishi yanayoonyesha ni siku ngapi zimehesabiwa, ni dawa na vipimo gani vimejumuishwa, na kila siku ya ziada hulipiwa kiasi gani.

Kupima ubora

Hospitali nyingi hujitangaza kwa cheti cha ithibati. Vyeti viwili vinavyojulikana ni JCI, cha shirika la Marekani, na NABH, cha India yenyewe. Nchini Kenya pia, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilipata ithibati ya JCI mwaka 2013. Cheti huonyesha kwamba hospitali imekaguliwa taratibu zake, kama vile usafi, utunzaji wa dawa na usalama wa upasuaji. Hakisemi lolote kuhusu daktari atakayemshughulikia mgonjwa. Cheti pia huisha muda. Cha JCI hudumu miaka mitatu.

Kwa hiyo maswali ya maana humhusu daktari na kikosi chake. Je, nani hasa atafanya upasuaji? Hufanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi kwa mwaka? Kati ya wagonjwa wake, wangapi figo zao bado zinafanya kazi baada ya mwaka mmoja?

Jambo jingine ni vijidudu sugu. Mwaka 2008, mgonjwa aliyekuwa amelazwa India alipatikana nchini Sweden na bakteria wenye kimeng'enya kilichoitwa NDM-1, kinachozifanya dawa nyingi kali za antibiotiki zisifanye kazi. Vijidudu sugu viko katika hospitali za nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Mgonjwa aliyepandikizwa figo yuko hatarini zaidi kwa sababu dawa zake hupunguza kinga ya mwili. Akienda hospitali yoyote baada ya kurudi, ni lazima aseme kwamba alilazwa nje ya nchi.

Sheria za kuzingatia

Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza kuuza au kununua viungo vya mwili. Mgeni na ndugu anayempa figo huhitaji kuthibitisha uhusiano wao kwa hati, ikiwemo barua ya ubalozi, na kuidhinishwa na kamati. Nchini Kenya, biashara hiyo imepigwa marufuku na Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Mtu anayeahidi "kutafuta figo" kwa malipo anaiingiza familia katika uhalifu.

India hutoa viza ya matibabu kwa mgonjwa, na viza ya msindikizaji kwa watu wasiozidi wawili. Wasafiri kutoka Kenya huhitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini.

Baada ya kurudi

Dawa za kuzuia mwili kuikataa figo mpya humezwa kila siku maisha yote figo hiyo ikifanya kazi. Zikikatizwa kwa kukosa pesa, figo inaweza kupotea, na pamoja nayo kila shilingi iliyochangwa. Bei ya dawa hizo kwa mwezi, katika duka la dawa la hapa nchini, inafaa kujulikana kabla ya tiketi kukatwa.

Kabla ya kuita harambee

1. Ulizeni daktari kama matibabu hayo yanapatikana nchini. Upandikizaji wa figo hufanywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret.
2. Ulizeni ofisi ya SHA ni sehemu gani ya gharama inayolipiwa.
3. Fuateni utaratibu wa rufaa za nje unaosimamiwa na Baraza la Madaktari, KMPDC.
4. Pateni makadirio kutoka hospitali mbili au zaidi.
5. Mkitumia wakala, mwulizeni analipwa na nani. Wengi hupewa kamisheni na hospitali. Pesa za matibabu zilipwe kwenye akaunti ya hospitali, si ya wakala.
6. Tafuteni mapema daktari wa figo atakayemfuatilia mgonjwa akirudi, na hakikisheni anarudi na ripoti kamili ya matibabu yake.
7. Andikeni hesabu yote, pamoja na dawa za mwaka wa kwanza, kisha ndipo mtangaze kiasi cha mchango.